Mtu wa PS, Mtu wa Xbox: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Ushabiki wa Konsoli

Natengeneza konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu kwenye runinga, na padi zake za mkononi, kwenye chumba kidogo cha ghorofani, hatua chache kutoka Luthuli Avenue. Kazi yenyewe ni bisibisi, spiriti, mswaki mkuukuu na subira. Lakini nusu ya siku huishia kwenye mabishano. Mtu analeta padi ambayo analogi yake, kile kijiti cha kuelekezea, inakwenda kushoto yenyewe, anakaa kwenye benchi akingoja, na kabla sijamaliza kuifunga skrubu ya mwisho ameshagombana na mwenzake kwa ajili ya kampuni isiyomjua yeye wala huyo mwenzake. Maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa, na majibu ninayotoa mkono ukiwa kazini.

Kwa nini karibu kila mtu Nairobi ni "mtu wa PS"?

Kwa sababu wengi wetu tulichaguliwa kabla hatujachagua. Mtoto wa Kayole, Umoja au Kariobangi hakukutana na konsoli dukani. Alikutana nayo kibandani: mabati, pazia mlangoni ili jua lisipige skrini, runinga tatu zile nene za zamani, benchi la mbao, na mwenye kibanda na daftari lake. Unalipia mechi. Anayeshinda anabaki kitini, anayefungwa analipa tena au anatoka nje. Mwenye kibanda alikuwa amenunua PlayStation, basi. Ukajifunzia hapo, ukadhalilishwa hapo sita bila, ukapewa jina la utani hapo. Miaka kumi baadaye una mshahara na unaingia dukani, na unafikiri unachagua.

Sasa, mwenye kibanda naye aliichagua kwa nini? Hesabu tu. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na mbali na gemu zake ilicheza DVD na diski za PlayStation ya kwanza. Mzazi aliyekataa katakata kununua "mchezo" alikubali kununua mashine ya sinema. Mafundi nao wakajua kuichip, yaani kuifungia kijisakiti kinachoifanya isome diski za kunakili, na diski hizo zilipangwa kando ya River Road kama nyanya. Sisemi ilikuwa halali. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikadumu. Sony, wenye PlayStation, waliendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa 2013, na gemu ya mpira ya FIFA ilikuwa bado inatolewa kwa PS2 hadi FIFA 14. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka alikaribia kumaliza shule ya msingi na kibanda cha mtaa bado kilikuwa na mashine ileile. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Hapa kwetu jina likashika hadi likawa la kitu chenyewe: "twende PS." Ni kama unavyoomba Colgate kwa mwenye duka na akakupa dawa yoyote ya meno iliyo karibu na mkono wake. Anayeuza Xbox, konsoli ya Microsoft, hapa Nairobi kwanza anaulizwa, "Hiyo ni PS ya aina gani?"

Kwani hatukuanza na Nintendo?

Tulianza nayo bila kujua. Wale wa miaka ya 1990 mnazikumbuka "TV game": kaseti ya manjano iliyoandikwa gemu 9999 (ukihesabu unakuta saba zinazojirudia), bunduki ya plastiki ya kuwinda bata, padi mbili zenye nyaya fupi hivi kwamba ulicheza ukiwa umepiga magoti mbele ya runinga. Nyingi zilikuwa nakala za Famicom, konsoli ambayo Nintendo iliizindua Japani Julai 1983. Mario, yule mtu wa masharubu aliyekuwa akirukia uyoga, ni wao. Ila juu ya mashine hapakuwa na jina la Nintendo popote. Palikuwa na jina lolote ambalo mtengeneza nakala aliliona linapendeza.

Kwa hiyo Nintendo ilitulea, na hakuna aliyejua pa kupeleka shukrani. Kwangu hili ni funzo kubwa kuhusu ushabiki kuliko takwimu yoyote: furaha peke yake haitoshi, lazima iwe na jina la kuishikilia. Kampuni hiyo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, miaka 10 kabla reli haijafika hapa Nairobi. Konsoli yao ya Switch, ya 2017, naiona mezani kwangu mara mojamoja, mara nyingi mikononi mwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo.

Si watu hupenda konsoli fulani kwa sababu ni bora?

Wengine, ndiyo. Lakini mara nyingi ubora huja baada ya risiti.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alichapisha jaribio la vifaa vya nyumbani. Aliwaomba wanawake wavipe alama, kimoja baada ya kingine, vitu kama kibaniko cha mkate na mashine ya kahawa. Kisha akamwambia kila mmoja achague kimoja kati ya viwili aende nacho nyumbani. Walipoombwa kuvipa alama tena, kile walichokichagua kilikuwa kimepanda na kile walichokiacha kimeshuka. Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kilikuwa changu.

Sasa weka konsoli mahali pa kibaniko. Mtu ameweka akiba miezi minane, amekatiza mambo mengine, amebishana na mkewe. Atakubali vipi kwamba ile nyingine ilikuwa sawa tu, au nafuu zaidi? Akili haiwezi kulala na wazo hilo. Inatafuta sababu: picha ni safi zaidi, padi inakaa vizuri mkononi, haipigi kelele. Baadhi ya sababu hizo ni za kweli. Zimechelewa tu kufika.

Basi mbona anakasirika? Si angecheza yake anyamaze?

Kwa sababu ukiitukana konsoli yake, anasikia umemtukana yeye na watu wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili. Aliwaambia kwamba mgawanyo unatokana na picha walizozipenda, za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Ukweli ni kwamba walipangwa kiholela. Hawakuonana kundini, hawakuzungumza, hapakuwa na kombe. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa pesa, waliwapendelea wa kundi lao. Zaidi ya hapo, wengi walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu, mradi tu lilizidi lile lingine.

Mtu wa Nairobi hahitaji Bristol kuelewa hilo. Nenda siku ya Gor Mahia na AFC Leopards ukaone. Au kaa kwenye matatu Jumatatu asubuhi baada ya Arsenal kufungwa, msikilize mtu ambaye hajawahi kufika London akisema "tulicheza vibaya." Hilo "tu-" ndilo lenyewe. Konsoli ina rangi, ina nembo, ina mpinzani, ina msimu wa kusajili gemu mpya. Imekamilika kama klabu, tena hii unaweza kuibeba kwenye mkoba.

Ni kweli mkono unaweza kumfunga mtu kuliko moyo?

Kabisa, na ndiyo sababu isiyosemwa sana. Njoo nikuonyeshe padi ya kibanda iliyofunguliwa. Chini ya vitufe kuna kipande cha mpira laini chenye vinundu, na kila kinundu kina nukta nyeusi inayogusa sakiti ukibonyeza. Kwenye padi ya mtu wa FIFA, nukta ya X imelika karibu kwisha, kwa sababu X ni pasi. Ya duara imelika pia, ndilo shuti. Pembetatu inafuata. Mraba, wa krosi, inategemea mtu. Kidole gumba kimeandika historia yake pale ndani. Mtu huyo hafikirii tena kitufe. Anafikiri "pasi" na mpira umeshaondoka.

Sasa mpe padi nyingine. Hapa kuna kichekesho ambacho watengenezaji watatu walitupangia bila kushauriana: X kwenye PlayStation iko chini. X kwenye Xbox iko kushoto. X kwenye Nintendo iko juu. Nimewahi kumwona kijana akicheza Xbox ya binamu yake kwa mara ya kwanza, wenzake nyuma wakipiga kelele, "Piga X! Piga X!" Akasikiliza, akabonyeza X iliyoandikwa pale, mpira ukaruka juu kama umepigwa na kipa. Pasi fupi ilikuwa kwenye A. Aliirudisha padi mezani kwa heshima, akasema mashine ni mbovu.

Hata Sony wenyewe walikuwa na kesi hiyo nyumbani. Kwa miaka mingi Wajapani walikubali kwa duara na kughairi kwa X, wakati sisi wengine tulifanya kinyume. PS5 ilipokuja Novemba 2020 wakaambiwa X ndiyo ya kukubali duniani kote. Fikiria kuzoea kitu tangu 1994 halafu unaambiwa "ndiyo" sasa ni "hapana."

Marafiki wana uzito gani?

Kuliko picha, kuliko kasi, kuliko bei. Kwa nini laini yako ya simu ni hiyo uliyo nayo? M-Pesa ilianza Machi 2007, na baada ya mama yako, mwenye nyumba na mama mboga wote kuwa nayo, swali la laini ipi ni bora lilikufa lenyewe. Konsoli ni hivyohivyo. Ukinunua tofauti na watu wa ploti yenu, umenunua upweke.

Watu husema siku hizi hilo limekwisha kwa sababu gemu nyingi zinaruhusu wa PlayStation kucheza na wa Xbox. Ni kweli kwa sehemu. Sony ilikuwa ngumu hadi Septemba 2018 ilipolegeza kwa gemu ya Fortnite, na FIFA 23 ikaleta mechi za namna hiyo mwaka 2022. Lakini hizo ni mechi za mtandaoni, na bando lina bei. Hapa kwetu kucheza pamoja bado kunamaanisha kukaa kochi moja, na kuazimana diski. Diski ya PS5 haiingii Xbox hata ukiiombea dua. Katika ploti yenye vijana watano, diski tano zikizunguka ni maktaba. Yule wa sita mwenye konsoli nyingine ana diski moja na macho.

Kampuni zenyewe hufanya nini ili tusihame?

Mengi, na kwa akili. Mara nyingi konsoli yenyewe huuzwa kwa faida ndogo au hata hasara, hasa miaka ya mwanzo. Pesa ziko kwenye gemu, kwenye ada ya kucheza mtandaoni, na kwenye asilimia inayokatwa kila kitu kinapouzwa katika duka lao la mtandaoni. Kwa hiyo hawakuuzii sanduku. Wanakuuzia mlango, halafu wanakaa ndani wakikungoja.

Kisha kuna vikombe. Xbox 360 ilipokuja 2005 ilileta alama zinazojumlishwa kwa kila unachofanikisha. PlayStation ikaleta vikombe vyake 2008. Havinunui hata chapati. Lakini kuna mteja wangu, mtu mzima mwenye watoto, aliyenionyesha orodha ya vikombe vyake kwa sauti ya chini kama mtu anayekuonyesha picha ya shamba. Miaka 12 ya usiku wake iko pale. Ukimwambia ahame, unamwambia aache shamba.

Akaunti yangu nilifunguliwa kama ya Marekani. Hiyo nayo inanifunga?

Inakufunga vizuri sana. Watu wengi hapa wana akaunti za PlayStation zilizoandikishwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na hununua kadi za salio za nchi hiyo. Sony hairuhusu kubadilisha nchi ya akaunti baada ya kuifungua. Kwa hiyo kila gemu uliyopakua inakaa kwenye akaunti ya raia wa nchi ambayo hujawahi kukanyaga, na ukifungua akaunti mpya, huhamishi chochote.

Na tafadhali, nenosiri liandike kwenye daftari. Nusu ya wanaonijia wakilia walifunguliwa akaunti na muuzaji ambaye simu yake siku hizi haipatikani.

Kampuni ikimkosea shabiki, si ataondoka?

Ungefikiri hivyo. Xbox 360 za mwanzo zilikuwa zikifa, taa nyekundu zinawaka kuzunguka kitufe cha kuwashia, na mchezo umekwisha. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba ingetenga zaidi ya dola bilioni 1 kulitibu tatizo hilo, ikarefusha udhamini hadi miaka mitatu. Watu walipeleka mashine, wakarudishiwa, nyingine zikafa tena, wakapeleka tena. Na bado 360 iliuza zaidi ya milioni 80. Ni kama ndugu anayekopa kila mwezi lakini anakuja na matunda.

Kilichowaumiza Microsoft zaidi hakikuwa mashine kufa. Mwaka 2013, wakitangaza Xbox One, Microsoft walisema itahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na gemu za diski zingewekewa masharti ya kuuzwa na kuazimwa. Sony wakatoa video fupi ya kuonyesha jinsi ya kumwazima mwenzako gemu: mtu mmoja anampa mwingine diski, mkononi, basi. Wakaweka bei ya PS4 kuwa dola 399 wakati Xbox One ilikuwa 499. Microsoft walirudi nyuma mwezi huohuo wa Juni, kabla hata ya kuuza mashine moja.

Wakati huo mimi sikuwa fundi, nilikuwa mchezaji tu wa kibandani, na nakumbuka habari ile ilivyofika kwetu, imenyooshwa na kupunguzwa: "Xbox mpya haitaki diski ya mtumba." Katika mji ambao diski hupita mikono minne kabla ya kuchoka, maneno hayo yalitosha. Masharti yaliondolewa, sentensi ikabaki. Hadi leo kuna mtu huniambia hivyo kwa uhakika kabisa, na nimechoka kumsahihisha.

Mtaani kwetu wanasema aina fulani ni mbovu, inaungua. Ni kweli?

Hapa nina hadithi. Utotoni mwangu jirani aliletewa konsoli na mjomba aliyekuwa Marekani. Kampuni sitaitaja, kwa sababu haikuwa na kosa. Sote tulijaa kwenye sebule ile, hadi dirishani kulikuwa na vichwa. Baba mwenye nyumba akachomeka kile kisanduku cha umeme ukutani. Kikasema "pah," kikatoa harufu ya samaki aliyeungua, na sherehe ikaisha hapo.

Kisanduku kilikuwa cha umeme wa Marekani, volti 120 hivi. Ukuta wa Nairobi una 240. Kosa lilikuwa la kutosoma maandishi madogo nyuma. Lakini nani angesema hivyo mbele ya baba mwenye nyumba? Jioni ile ploti nzima ilikubaliana kwamba aina ile ni mbovu, na watoto wa ploti ile wamekua wakiamini hivyo. Mmoja ana duka la elektroniki sasa na hauzi aina hiyo. Konsoli nyingi za siku hizi zinakubali umeme wa aina zote mbili, lakini bado geuza, soma. Ikiandikwa 100–240, chomeka. Ikiandikwa 100–127 tu, njoo kwangu kwanza.

Kampuni ikiacha kutengeneza konsoli, shabiki wake huenda wapi?

Waulize watu wa Sega, kampuni iliyokuwa ikitengeneza konsoli. Miaka ya mwanzo ya 1990 Sega na Nintendo zilipigana Marekani hadi tangazo la Sega likaitaja Nintendo kwa jina na kuidhihaki. Watoto waligawanyika viwanjani: wewe ni wa Mario au wa Sonic, hakuna katikati. Sonic, mhusika wa gemu za Sega, alizaliwa 1991 kwa kazi hiyo hasa, awe na kasi na kiburi, kila kitu ambacho Mario si.

Kisha Sega ikauza vibaya mara mbili tatu, konsoli yake ya Dreamcast ya 1998 ikashindwa kusimama mbele ya PS2, na tarehe 31 Januari 2001 ikatangaza kwamba inaacha konsoli na kubaki kutengeneza gemu tu. Muda si mrefu Sonic alikuwa anacheza kwenye mashine za Nintendo. Mwaka 2007 akatokea katika gemu moja na Mario, wakishindana kwenye Olimpiki kama wafanyakazi wa ofisi moja siku ya michezo. Wale waliogombana na ndugu zao kwa ajili yake walikuwa na miaka ishirini na kitu, wakitazama.

Lakini mashabiki wa Dreamcast bado wapo, na ni wakali kuliko walio hai. Konsoli iliyokufa haiwezi tena kukuangusha.

Siku hizi gemu zinatoka kote kote. Ushabiki si utaisha?

Zinahama, kweli: Sea of Thieves ya Microsoft ilifika PS5 mwaka 2024, na Sony nao wamekuwa wakipeleka gemu zao kwenye kompyuta tangu Horizon Zero Dawn ilipotoka huko 2020. Ila Nairobi gemu kubwa ni ya mpira, na ya mpira iko kwenye konsoli zote mbili miaka yote hii. Haijatuzuia kugombana.

Mtu anaweza kuwa na zote mbili?

Anaweza, akiwa na pesa. Na utaona kitu: mwenye zote mbili habishani. Analeta padi, analipa, anaaga. Ushabiki mkali ni ugonjwa wa mwenye moja. Ndiyo maana vijana ndio wakali zaidi. Hawakununua kwa pesa zao, hawawezi kubadilisha, kilichobaki ni kuitetea.

Fundi, nimnunulie mtoto gani?

Hili ni swali la kina mama, na ndilo ninalolipenda, kwa sababu wanauliza kwa nia ya kujua. Nikimwuliza, "Mama, watoto wa jirani wana gani?" hushangaa. Alitarajia nimwambie kuhusu kasi na giga. Nunua wanayocheza marafiki zake. Ukinunua nzuri zaidi ambayo hakuna mwingine anayo, utamkuta kwa jirani kila jioni na yako iko kabatini.

La pili, angalia kama ina mahali pa diski. Kuna matoleo yasiyokuwa nayo, kama Xbox Series S na PS5 ya dijitali, na bei yake inavutia. Lakini hapo kila gemu utainunua mtandaoni kwa dola na kuipakua kwa intaneti yako, na ikimchosha mtoto hutaiuza kwa mtu yeyote.

Nataka kuhama. Nitapoteza nini?

Gemu za dijitali zote, vikombe vyote, na orodha ya marafiki. Diski unaweza kuziuza kabla ya kuondoka. Fanya hivyo kabla toleo jipya la FC, jina la siku hizi la ile FIFA, halijatoka Septemba, kwa sababu baada ya hapo diski ya mwaka uliopita bei yake huanguka kama jiwe. Maendeleo ya gemu, kwa zile ambazo zina akaunti yao wenyewe kama Fortnite, utayakuta upande wa pili. Mengine yanabaki.

Kama unabaki nyumba ileile na kupanda daraja tu: PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, lakini padi ya PS4 haitacheza gemu za PS5. Padi ya Xbox One itafanya kazi na Xbox mpya zaidi, Series X na S. Wengi hupata habari hiyo wakiwa wameshauza padi.

Halafu tenga wiki tatu za kufungwa mabao mengi wakati gumba likijifunza upya. Usiuhukumu ule upande wa pili kabla ya wiki ya nne.

Na wewe fundi, ni mtu wa gani?

Kwenye rafu ya juu, nyuma ya chupa ya spiriti, kuna PS2 nyembamba nyeusi. Haisomi diski, lenzi ilishachoka. Lenzi ya kubadilisha ninayo kwenye droo. Mashine ni ya kaka yangu, na kwenye kadi yake ya memori ya MB 8 kuna ligi aliyoiacha Machi 2009 alipopata kazi Mombasa. Zimebaki mechi nne na anaongoza kwa pointi mbili.

Amenikataza kuifungua. Anahofia nikiitengeneza nitacheza zile mechi nne. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuhusu mambo ya shamba la mzee, tukamaliza, tukaagana, halafu kabla hajakata akauliza, "Hujaigusa?"

"Sijaigusa, kaka."

Yeye mwenyewe siku hizi ana Xbox.